Ugonjwa mmoja, viungo viwili: kwa nini panya mmoja hatoshi

Kuna watu wachache mno duniani ambao miili yao haitengenezi hata chembe ya protini inayoitwa alfa-1 antitripsini. Mapafu yao huchakaa mapema sana, lakini ugonjwa huu hauwagusi ini. Kuna wengine, walio wengi zaidi, ambao miili yao inaitengeneza protini hiyo, ila ina kasoro moja ndogo ya umbo. Hao wanaweza kuugua mapafu, na wanaweza kuugua ini pia, wengine tangu wakiwa wachanga. Madaktari wanayaweka makundi yote mawili chini ya jina moja: upungufu wa alfa-1 antitripsini.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo ufunguo wa habari hii yote. Inaeleza kwa nini watafiti wamehangaika kwa miongo mingi kutafuta mnyama au seli ya kuuigiza ugonjwa huu maabara, na kwa nini karibu kila walichokipata kimewapa nusu tu ya jibu. Naiandika kwa sababu kila baada ya miezi kadhaa hutoka taarifa kwamba dawa mpya "imeponya panya", na familia zenye mgonjwa huzisoma kwa matumaini makubwa. Wanastahili kuelezwa panya huyo ni yupi, na ni nini hasa kilichopona ndani yake.

Tuanze na kazi ya protini yenyewe. Alfa-1 antitripsini hutengenezwa zaidi na seli za ini, takribani gramu 2 kwa siku kwa mtu mzima, kisha humwagwa kwenye damu na kufika mapafuni. Huko kuna chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili. Zikipambana na vijidudu huachia kimeng'enya kikali, elastesi, ambacho hula pia nyuzi zinazolifanya pafu litanuke na kurudi tunapopumua. Alfa-1 antitripsini ndiyo inayokizuia kisipitilize. Inafanya kazi kama mtego wa panya: ina kitanzi kilichochomoza mithili ya chambo, elastesi ikikiuma tu protini nzima inafyatuka, kitanzi kinajipachika ndani ya mwili wa protini, na elastesi inaburutwa hadi upande wa pili ikiwa imepondeka. Mtego uliofyatuka hautegwi tena, ndiyo maana ini lazima litengeneze mingine bila kukoma. Moshi wa sigara nao huharibu asidi amino moja, methionini ya nafasi ya 358, iliyo pale pale kwenye chambo. Kwa mgonjwa wa upungufu huu, kuvuta sigara ni kuharibu hata ile kinga kidogo aliyobaki nayo.

Protini hii ni mnyororo wa asidi amino 394. Katika aina ya Z, ambayo ndiyo inayoleta ugonjwa mkali kwa wagonjwa wengi, asidi amino moja tu imebadilika: kwenye nafasi ya 342 palipaswa kuwa na glutamati, pamekuja lisini. Wasomaji wanaoijua selimundu wataona jambo la kushangaza hapa. Selimundu nayo huanza kwa glutamati moja kupotea, ile ya nafasi ya sita katika mnyororo wa beta wa himoglobini, na mahali pake kuingia valini. Huko pia protini zenye kasoro hushikana zikawa nyuzi ndefu ndani ya seli. Mwaka 1992 David Lomas, Robin Carrell na wenzao wa Cambridge walionyesha kwamba protini za Z hushikana kwa njia yao wenyewe: kitanzi cha moja hujipenyeza katika mwili wa jirani yake, cha jirani katika wa tatu, hadi mnyororo mzima unakwama ndani ya seli ya ini iliyoutengeneza. Mwenye nakala mbili za Z, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, hubaki na asilimia kati ya 10 na 15 tu ya kiwango cha kawaida katika damu.

Kwa hiyo ini linaumia kwa kujaa, mapafu yanaumia kwa kukosa. Asiyetengeneza protini kabisa hana cha kulijaza ini lake, na ndiyo maana linabaki salama huku mapafu yakiangamia. Chanzo ni jeni moja, SERPINA1, iliyoko kwenye kromosomu ya 14, lakini madhara yake yanakwenda pande mbili zinazopingana. Atakayetengeneza modeli ya maabara, yaani kiumbe au seli iliyoandaliwa iuigize ugonjwa, inabidi kwanza ajiulize anaigiza upande upi.

Utomvu wa papai na mapafu ya panya

Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa Sweden. Mwaka 1963, mjini Malmö, Carl-Bertil Laurell alikuwa akichunguza sampuli za damu zilizotenganishwa kwa umeme, akaona kwamba katika sampuli 5 kati ya takribani 1,500 utepe mmoja wa protini ulikuwa haupo. Yeye na kijana aliyekuwa akifanya naye kazi, Sten Eriksson, wakafuatilia hao watu watano ni akina nani. Watatu walikuwa na emfisema, yaani vifuko vya hewa vya mapafu vilikuwa vimebomoka. Uhusiano na ini ulikuja kuelezwa mwaka 1969, pale Harvey Sharp na wenzake nchini Marekani walipoandika kuhusu watoto wenye upungufu huo ambao maini yao yalikuwa yamejaa makovu.

Miaka hiyo hiyo ya 1960, Paul Gross na wenzake huko Pittsburgh waliwatia panya buku papeni mapafuni. Papeni ni kimeng'enya kinachotoka kwenye utomvu wa papai bichi, kile kile kinacholainisha nyama ngumu jikoni. Mapafu ya panya wale yakapata emfisema. Jaribio hilo na ugunduzi wa Malmö, kila kimoja kikiwa kimeanzia kwake, vilikutana katika wazo moja ambalo bado linashikilia elimu ya magonjwa ya mapafu: pafu huishi kwa mizani kati ya vimeng'enya vinavyokula protini na vizuizi vyake. Baadaye papeni iliachiwa elastesi ya nguruwe, ambayo mpaka leo inatumika maabara nyingi.

Nadhani hii ni modeli nzuri ya kufundishia na dhaifu ya kutafutia dawa. Panya anayemiminiwa kimeng'enya hupata jeraha kubwa kwa mara moja. Mgonjwa wa kweli hupoteza pafu lake kidogo kidogo kwa miaka 20 au 30, kila homa ya mapafu na kila moshi ukiongeza hasara yake. Isitoshe, panya huyo hana upungufu wowote. Jeni zake ni nzima, kinga yake iko kamili, imezidiwa tu kwa saa chache.

Panya wa PiZ

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Houston walichukua jeni nzima ya binadamu yenye kasoro ya Z wakaipandikiza kwa panya wadogo wa maabara. Panya hao huitwa PiZ, na kama kuna kiumbe mmoja aliyebeba utafiti wa ini katika ugonjwa huu, ni huyo. Seli za ini lake hujaa vitone vya protini iliyokwama, vile vile vinavyoonekana kwenye ini la mgonjwa chini ya darubini. Ini lake hupata makovu kiasi, na anapozeeka anaweza kupata saratani ya ini, kama inavyoweza kuwatokea binadamu wenye ugonjwa huu.

Lakini mapafu yake ni salama. Jeni ya Z aliyopewa ni ya nyongeza, zake mwenyewe hazikuondolewa, na panya anazo kwa wingi. Binadamu ana jeni moja tu ya alfa-1 antitripsini. Panya wa ukoo unaotumika zaidi maabara anazo tano, zimepangana kwenye kromosomu moja, zinafanana mno. Kuondoa moja hakusaidii, na kuziondoa zote tano kwa mbinu za zamani kulishindikana kwa muda mrefu. Ndiyo maana kwa karibu miaka 30 dunia ilikuwa na panya wa ini la ugonjwa huu bila kuwa na panya wa mapafu yake.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 2018, pale watafiti wa Worcester, katika jimbo la Massachusetts, walipotumia mkasi wa kuhariri jeni wa CRISPR kuzikata jeni zote tano kwa mpigo. Panya waliozaliwa hawakuwa na protini hiyo kabisa, na walipokua walipata emfisema wenyewe bila kumiminiwa kitu chochote. Kwa mara ya kwanza emfisema ya panya ilitokana na sababu ile ile inayomuumiza binadamu. Lakini tazama kilichotokea: panya huyu anafanana na wale watu wachache niliowataja mwanzo, wasio na protini kabisa. Ini lake halina cha kuligandisha. Kwa hiyo sasa kulikuwa na panya wawili, mmoja wa ini na mmoja wa mapafu, wakati mgonjwa ana mwili mmoja.

Mnyoo asiye na ini, na seli za ngozi

Katikati ya miaka hiyo Pittsburgh ilirudi kwenye habari hii kwa kiumbe ambaye hakuna angemdhania. Mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans ana urefu wa milimita moja. Hana ini, hana mapafu, hana damu. Ila mwili wake unapitisha mwanga, na seli za utumbo wake hufanya kazi nyingi ambazo kwetu hufanywa na ini. Watafiti waliipandikiza protini ya Z humo ikiwa imeunganishwa na protini inayong'aa kijani, na vitone vilivyokwama vikaonekana wazi kwa darubini mnyoo akiwa hai. Minyoo maelfu inaweza kupangwa kwenye visahani vidogo, kila kisahani kikatiwa dawa yake, na mashine ikasoma ni wapi mng'ao umepungua. Kwa panya kazi hiyo ingechukua miaka.

Kundi hilo la Pittsburgh ndilo lililotoa, mwaka 2010, matokeo yanayotajwa mpaka leo. Karbamazepini, dawa ya kifafa ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Tegretol, iliongeza nguvu ya seli kujisafisha kwa kumeng'enya takataka zake zenyewe. Panya wa PiZ waliopewa dawa hiyo kwa wiki mbili walipungukiwa na protini iliyokwama, na makovu ya ini yakapungua. Habari njema, bila shaka. Lakini dozi waliyopewa panya, ukiipima kwa kila kilo ya uzito, ilikuwa kubwa kupita kiasi anachoweza kupewa mtu kwa usalama. Asitokee mtu akampa mtoto mwenye ugonjwa wa ini dawa hii kwa sababu alisoma habari za panya: haijaidhinishwa kwa ugonjwa huu, na yenyewe inaweza kulidhuru ini.

Kuna funzo kali zaidi kutoka kwa fenilibutireti. Mwaka 2000 ilionekana kwamba kemikali hiyo inaisaidia protini ya Z kutoka kwenye seli, na panya wa PiZ waliopewa walipata protini nyingi zaidi katika damu. Iliwapa watu moyo kwa sababu ilikuwa tayari inatumika kwa wagonjwa wengine. Wagonjwa 10 walipoinywa, kiwango chao cha damu hakikupanda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Miaka mingi baadaye kampuni ya Vertex ilijaribu molekuli ndogo zilizotengenezwa mahsusi kuinyoosha protini ya Z iweze kutoka. Ya kwanza ilisimamishwa mwaka 2020 baada ya baadhi ya watu kuonyesha dalili za ini kuumia, na ya pili ikaachwa mwaka 2021 kwa kuwa ilipandisha kiwango kidogo mno kuweza kumfaa mgonjwa.

Kushindwa huku kuliwasukuma watafiti karibu zaidi na seli za wagonjwa wenyewe. Tangu Shinya Yamanaka na kundi lake nchini Japani waonyeshe, mwaka 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya mwili inaweza kurudishwa nyuma ikawa seli shina, yaani seli inayoweza kukuzwa iwe seli ya aina nyingine yoyote, milango ilifunguka. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge walichukua seli za ngozi za wagonjwa wa upungufu huu, wakazigeuza seli shina, kisha wakazikuza ziwe seli zinazofanana na za ini. Protini ya Z ilikwama ndani yake vile vile. Mwaka uliofuata wengine walirekebisha kasoro ya Z katika seli za namna hiyo. Na mwaka 2015 vijiini vidogo vilivyokuzwa kutoka tishu za ini za wagonjwa vilionyesha dalili zile zile katika sahani ya maabara.

Mwaka huo wa 2015 ulileta pia utafiti ninaouona kuwa wa maana kuliko yote katika eneo hili. Ili kuuelewa, turudi Sweden. Kati ya 1972 na 1974 watoto wachanga 200,000 walipimwa huko, na 120 wakakutwa na nakala mbili za Z. Kati ya hao, 14 walipata manjano ya muda mrefu kwa sababu ya nyongo kuziba. Wengi wa waliobaki walikua bila ugonjwa mkubwa wa ini. Kasoro ni ile ile, jeni ni ile ile, kwa nini mmoja aishie kwenye upandikizaji wa ini na mwingine asijue hata kama ana tatizo? Panya wa PiZ hawezi kulijibu swali hilo, kwa kuwa panya wa ukoo mmoja wa maabara wanafanana kama mapacha. Watafiti wa 2015 walichukua seli za wagonjwa walioumia ini vibaya na za wagonjwa wenye kasoro hiyo hiyo ambao maini yao yalikuwa salama, wakazikuza zote ziwe seli za ini. Seli za walioumia ziliivunja na kuiondoa protini ya Z polepole zaidi. Tofauti ya mtu na mtu iliendelea kuonekana hata ndani ya sahani, mbali na chakula, pombe, maambukizi na mengine yote ya maisha yake.

Hata hivyo seli hizo ni changa. Zinafanana zaidi na ini la kijusi kuliko ini la mtu mzima, na sahani haina mshipa wa damu unaoipeleka protini kwenye pafu.

Kuzima, au kusahihisha

Haya yote yangebaki ya maabara tu kama si dawa zinazojaribiwa sasa. Moja, fazirsirani, ni kipande kifupi cha RNA, kemikali inayobeba maagizo ya jeni ndani ya seli, kinachoizuia seli ya ini kutengeneza protini ya Z. Panya wa PiZ ndiye aliyeonyesha kwanza kwamba ini likiacha kujazwa linaanza kujisafisha. Mwaka 2022 yakachapishwa matokeo ya watu wazima 16: protini ya Z katika ini ilipungua kwa wote, na kwa karibu nusu yao makovu yalipungua pia. Hapa panya alisema kweli, na sababu yake inaeleweka. Swali lilikuwa la ini peke yake, na panya wa PiZ ni panya wa ini.

Ila dawa inayozima jeni inapunguza pia kile kidogo kilichokuwa kinafika mapafuni. Je, pafu litavumilia? Panya wa PiZ hawezi kusema, kwa kuwa mapafu yake yanalindwa na jeni zake tano. Swali hilo linageuka kuwa jingine kwa matibabu yanayosahihisha herufi yenyewe iliyokosewa badala ya kuizima. Oktoba 2024 kampuni ya Wave Life Sciences ilitangaza kwamba watu wawili wenye nakala mbili za Z walianza kuwa na protini ya kawaida katika damu baada ya RNA yao kuhaririwa. Machi 2025 Beam Therapeutics ikatangaza matokeo ya namna hiyo kwa watu waliohaririwa DNA ndani ya ini. Ikifanikiwa kwa muda mrefu, njia hii ingelipunguzia ini mzigo na kuyapa mapafu kinga kwa pamoja. Kuijaribu ipasavyo kunahitaji mnyama mwenye magonjwa yote mawili.

Mnyama huyo ni fereti, wa jamii moja na kicheche. Maabara ya Chuo Kikuu cha Iowa ilikuwa imeshamtumia kwa ugonjwa mwingine wa kurithi wa mapafu, kwa sababu njia zake za hewa, pamoja na tezi zake za kamasi, zinakaribia za binadamu kuliko za panya. Mwaka 2022 kundi hilo lilieleza fereti wa aina mbili: wasio na protini kabisa, na wenye kasoro ya Z katika jeni yao wenyewe, mahali pake pa asili. Wote walipata ugonjwa wa mapafu, na kwa wale wa Z protini ilikwama kwenye ini.

Fereti ni ghali kufuga. Jike hubeba mimba siku 42 hivi, mara mbili ya panya, na maabara zenye ujuzi wa kumhariri ni chache. Hatachukua nafasi ya mnyoo katika kuchuja maelfu ya kemikali, wala ya seli za ngozi katika kueleza kwa nini wagonjwa hawafanani. Lakini swali la kama ini lililosahihishwa litaliokoa pafu lililokwisha kuanza kubomoka, na kwa kiwango gani cha protini katika damu, sasa linaweza kuulizwa kwa mnyama mmoja badala ya wawili.